Watu watano kwenda Berlin bila kuuza kihamba: naombeni ushauri

Baba Junior wa Rau

Habari za jioni wakuu. Naombeni mnisaidie kabla sijaaibika.

Nipo Moshi, Rau. Nina duka dogo la vifaa vya umeme mjini, mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mdogo wangu wa kiume yupo Berlin anasoma. Desemba iliyopita ukoo ulipokutana nyumbani, mbuzi ameshaliwa na mbege imeshazunguka mara mbili, nikasimama mbele ya wazee nikatangaza kwamba likizo ya mwezi wa sita naenda kumtembelea mdogo wangu na familia yangu yote. Wazee wakapiga makofi. Shida ni kwamba watoto nao walikuwepo, na tangu siku ile wananidai kama watu wa mkopo.

Tupo watano: mimi, mama Junior, Junior (13), dada yake (9) na kitindamimba (4). Kwenye kibubu kuna milioni 22. Sitaki kugusa mtaji wa duka wala VICOBA ya mke. Kuna shemeji mmoja alinishauri niuze kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, nikamwambia asirudie tena.

Nilienda kwa wakala mmoja hapa mjini akanipigia hesabu ya milioni 38 kwa siku kumi. Humo kuna hoteli ya nyota nne, gari la kutupokea, ziara ya mji, na "ada ya kushughulikia viza" laki tano kwa kila kichwa, hata huyu wa miaka minne. Mdogo wangu anakaa chumba cha wanafunzi, kitanda kimoja na meza, hawezi kutulaza.

Aliyewahi kwenda na watoto aniambie ukweli: milioni 22 zinatosha au nianze kutafuta maneno ya kuwaambia wazee?

---

Dereva wa Sakina

Mkuu, mimi nipo Arusha, naendesha wageni. Usihangaike na uwanja wa ndege wa KIA. Panda shuttle asubuhi hapa Arusha, Namanga mnagonga mihuri, jioni mpo Nairobi. Ndege zinazotoka Nairobi kwenda Ulaya ni nyingi kuliko za KIA na bei inashuka. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Mabosi wangu wawili wanafanya hivyo kila mwaka.

---

Jembe la Pasua

Milioni 22 kwenda kuangalia wazungu? Wazungu si wamejaa pale stendi wanasubiri kupanda mlima, kawaangalie bure. Hizo hela jenga fremu mbili upangishe.

---

Mama Watatu Mbuyuni

Baba Junior, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Huyo wa Pasua mwache, kila mtu ana fremu zake.

Mimi nauza vyombo Mbuyuni, mume wangu ni mwongoza wageni mlimani. Mwezi wa sita mwaka 2025 tulienda hukohuko Berlin, watano kama nyie, wa kwangu wakiwa na miaka 14, 10 na 5. Wifi yangu anaishi kule mtaa unaoitwa Wedding, lakini nyumba yake ina vyumba viwili na yeye ana watoto wake, kwa hiyo na sisi tulipanga. Tulitumia milioni 20 na ushee. Ninalo daftari, kila senti nimeandika, kwa sababu mume wangu akishika hela ya kigeni anaiona kama karatasi za karata.

Tuanze na wakala wako. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani, ni euro 90 kwa mtu mzima. Mtoto wa kuanzia miaka 6 mpaka kabla hajatimiza 12 ni euro 45. Chini ya miaka 6 halipi kitu. Kwa hiyo wewe, mama na Junior mnalipa 90 kila mmoja, maana Junior kwa mambo ya viza ameshakuwa mzee, dada yake 45, kitindamimba bure. Jumla euro 315. Mimi euro naipigia hesabu kwa shilingi 3,000 ili nisijidanganye, hiyo ni 945,000. Yeye anakwambia milioni mbili na nusu! Na hapo uliza vizuri, maana wengine wakitaja "kushughulikia" ada yenyewe ya ubalozi bado unalipa pembeni. Fomu mnaijaza wenyewe. Mkeo ni mwalimu, ataijaza kuliko mimi muuza masufuria, na mimi niliijaza.

Kitu kilichonila hela kwenye viza siyo ada, ni Dar. Tulienda mara mbili. Mara ya kwanza tumefika na makaratasi yetu kwenye bahasha, tumevaa kama tunaenda kipaimara, yule dada wa dirishani akalinganisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwisho na pasi yangu. Kwenye cheti jina langu lina herufi H mbele, kwenye pasi halina. Herufi moja. Nikarudi Moshi na basi la usiku, nikaenda kurekebisha cheti, nikala kiapo kwa wakili, tukarudi tena Dar wote. Nauli za watu watano mara mbili, gesti, chakula, daftari langu linasema 780,000, na ile safari ya pili peke yake ni nusu yake. Kwa hiyo leo hii, kabla hujafanya kitu kingine, toa vyeti vyote vya kuzaliwa, pasi zote, cheti cha ndoa, viweke mezani na msome herufi kwa herufi. Pasi za watoto kama hamna anzeni sasa, ni 150,000 kila moja, na iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku mnayotoka Ulaya.

Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku kumi na tano kabla. Usingoje huo mwisho. Mwezi wa nne kila mtu anakumbuka kwamba mwezi wa sita una likizo, na nafasi za miadi zinakwisha. Bima ya safari lazima iwe ya kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000, kampuni za hapahapa zinatoa, zungukeni tatu mlinganishe. Sisi tofauti ilikuwa karibu mara mbili kwa karatasi ileile.

Kuhusu mdogo wako. Kwetu wifi alienda ofisi ya wageni kule akasaini karatasi ya kutudhamini, akalipa euro 29. Ile karatasi inasema tukikwama yeye atabeba gharama, na ubalozi unaipenda. Lakini wifi ana mshahara, ni muuguzi. Mwanafunzi hana mshahara wa kuonyesha, hawezi kumdhamini mtu, sembuse watu watano. Yeye aandike barua ya mwaliko tu na aambatishe pasi yake na cheti cha chuo. Nguvu yenu iwe taarifa za benki, leseni ya duka, TIN, na barua ya mwajiri wa mkeo inayosema ana likizo na anarudi kazini tarehe fulani. Na hizo milioni 22 zitoe kwenye kibubu uziweke benki leo, siyo wiki moja kabla ya miadi. Hela ikiingia kwa mkupuo wanajua ni ya kuazima.

Ndege: chini ya miaka 12 mara nyingi kuna punguzo la kiti, Junior analipa kama wewe. Dereva wa Sakina, kaka yangu, hiyo ya Nairobi na sisi tuliipigia hesabu. Kwa mtu mmoja inalipa. Kwa watu watano weka shuttle kwenda na kurudi, gesti Nairobi siku mbili kwa sababu ndege inaondoka usiku na kurudi inafika saa isiyo na gari, teksi za kwenda uwanjani, chakula, na mtoto wa miaka minne anayetapika Longido. Kwetu ilibaki faida ya laki mbili na kitu. Laki mbili kwa mateso hayo, hapana. Pale KIA kuna KLM anayekwenda Amsterdam, kuna Qatar kupitia Doha, kuna Turkish kupitia Istanbul, kuna Ethiopian kupitia Addis. Fungua hesabu ya siku tofauti, siyo Ijumaa na Jumamosi tu. Sisi tulihama kutoka Jumamosi kwenda Jumanne, tiketi zote tano zikashuka karibu milioni moja. Na mwangalie wanapokushusha. Wengine wanakuuzia "Ujerumani" kumbe ni Frankfurt, na kutoka hapo mpaka Berlin ni kama saa nne kwa treni ya kasi, tena ya kulipia.

Nguo msinunue mpya. Nendeni Memorial kwenye mitumba. Mwezi wa sita kule siyo baridi ya kutisha, ni kama Marangu mwezi wa saba, mchana jua, jioni sweta na kijaketi cha mvua. Mimi niliwavisha watoto wote watatu kwa elfu arobaini na tano. Jaketi la wa kati lilikuwa la bluu, ndani kwenye lebo kuna jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya wino, "Jonas", na alama ya duka la Kijerumani. Wifi alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Lile jaketi limevuka bahari kuja Moshi kwa marobota, likarudi kwao limevaliwa na Mchaga. Ila viatu msibane. Mtatembea kuliko mlivyowahi kutembea tangu mlipoacha shule.

Malazi tafuteni nyumba yenye jiko, nje kidogo ya katikati, karibu na stesheni. Au zile hosteli zao za vijana, wana vyumba vya familia. Uliza kama bei ina kodi ya mji ndani, Berlin wanatoza asilimia 7.5 juu ya malazi tangu 2025, na kwenye mtandao wakati mwingine unaiona ukifika. Sisi tulilipa kama euro 105 kwa usiku, jiko, vitanda vitano, mashine ya kufulia. Mashine ya kufulia ni hela jamani. Tulibeba nguo za siku nne tu.

Jiko ndilo lililotuokoa. Asubuhi chai na mikate, mchana tunabeba mayai ya kuchemsha na chapati za jana, jioni ugali. Unga tulitoka nao, kilo tano, na dagaa. Nyama na maziwa msibebe kabisa, forodha ya Ulaya wanakataza, hata samli ya bibi. Maji ya bomba ya kule unakunywa moja kwa moja, msinunue maji hata siku moja, bebeni chupa zenu. Tulikula nje mara mbili tu, ule mkate wa nyama wa Waturuki, döner, mmoja kama euro saba na wanangu wadogo waligawana mmoja hawakuumaliza. Mbogamboga kuna soko la Waturuki kando ya mfereji, Maybachufer, Jumanne na Ijumaa. Nendeni jioni wakikaribia kufunga. Mimi ni mtu wa soko, saa ya muuzaji kuchoka naijua kwa macho. Nilipata kreti ya nyanya na mapera ya kizungu kwa euro mbili, yule baba ananisukumia tu niondoke nayo.

Sasa usafiri, hapa nitaeleza aibu yetu. Wana tiketi ya saa 24, mtu mzima mmoja anaruhusiwa kwenda na watoto mpaka watatu wa miaka 6 hadi 14 bila kulipia, na chini ya 6 hawalipi kabisa. Kwa hiyo nyie watano ni tiketi mbili tu, au mama akibaki nyumbani kupika ni moja. Mji umegawanywa kanda A, B na C, uwanja wa ndege upo C. Lakini! Tiketi ya karatasi ukishainunua lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilichosimama kwenye jukwaa la treni. Mume wangu siku ya pili alinunua, akazikunja vizuri, akaziweka mfuko wa shati kama kibali cha mlima. Ndani ya treni akaja kijana wa kawaida kavaa fulana, nikajua anaomba hela. Kumbe mkaguzi. Wengi wao hawavai sare. Akaziangalia, akageuza, akaonyesha pale pasipo na muhuri. Mume wangu akaanza kumweleza kwa Kijerumani chake cha wageni, kile cha "pole pole" na "maji kidogo", yule kijana akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akamwandikia. Euro 60 kila mtu. Wawili, euro 120. Laki tatu na sitini za Tanzania kwa kutokugonga muhuri. Mtu amefika kileleni zaidi ya mara mia, siku hiyo hakuongea mpaka usiku.

Usiku wenyewe ni saa tatu na nusu, maana mwezi wa sita jua linazama saa hiyo. Watoto hawalali. Jiandaeni.

Watoto waliturudishia kidogo. Kule chupa za plastiki na makopo ya soda yana dhamana, senti 25 kila moja, unarudisha kwenye mashine supamaketi, inameza chupa na kukutolea karatasi ya kulipia. Wangu walipogundua hivyo ndiyo ikawa ziara yao. Kuna uwanja wa ndege wa zamani, Tempelhof, ulifungwa 2008 wakaufanya bustani ya watu wote, bure, watoto wanakimbia kwenye njia ya ndege. Jumamosi jioni watu wamekaa kwenye majani, wakinyanyuka wanaacha chupa kando ya mapipa. Wa miaka kumi akapanga wenzake kama vibarua wa kahawa, huyu huku, huyu kule, mama shika mfuko. Siku ile walipata euro tisa na senti hamsini. Aiskrimu kila mtu, na chenji akanirudishia akiwa ameihesabu.

Vya kuona, vingi ni bure. Ukuta wa Berlin pale penye michoro ni zaidi ya kilomita moja, hakuna geti. Kuba la kioo juu ya Bunge ni bure ila mjiandikishe mapema mtandaoni kwa majina na tarehe za kuzaliwa. Makumbusho za taifa watoto chini ya 18 hawalipi. Basi namba 100 linapita karibu na majengo makubwa yote ya katikati kwa tiketi yenu ileile, ile "ziara ya mji" ya wakala ndiyo hiyo. Bustani ya wanyama achaneni nayo. Nani anatoka Moshi kwenda kulipia euro kumwona twiga?

Ila kuna sehemu moja mlipe, na mlipe kwa moyo. Makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Ukiingia tu ukumbi wa kwanza kuna mifupa ya dinosaria imesimama, urefu wa kwenda juu mita 13.27, hakuna mwingine duniani aliyesimamishwa mrefu kama yeye. Alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Watu wetu walimbeba mfupa kwa mfupa kichwani na mabegani mpaka pwani. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mwanangu mkubwa alisoma lile bango, akaniita kwa sauti mpaka walinzi wakageuka: "Mama, huyu ni wa Lindi!" Akasimama chini ya ile shingo, akainua kichwa, kofia ikamdondoka. Tulikaa pale saa mbili. Mume wangu, kazi yake kubeba na kubebesha, alikuwa anakadiria uzito: huu watu wawili, ule watu wanne na mti.

Jambo la mwisho, halina kiingilio. Mkwe wangu ni bibi wa Old Moshi. Tulipoenda kumuaga hakuomba zawadi. Alisema, "Mkifika kwa hao watu, mumuulizie Meli." Mnajua habari ya Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wazee wanasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya DNA vya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin vilionyesha ndugu huku kwetu Kilimanjaro, wamo ndugu wa mshauri wake. Fuvu la Meli mwenyewe halijapatikana. Huwezi kumwuliza mtu mambo hayo dirishani. Lakini karibu na kwa wifi kuna mtaa uliokuwa na jina la Carl Peters, yule aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku Kilimanjaro na kunyonga watu. Agosti 2024 walilitoa jina lake, na sehemu moja ya barabara sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Unashuka treni ya chini, U6, kituo cha Afrikanische Straße au Rehberge, unatembea. Ni barabara ya kawaida, miti, magari yameegeshwa, mama anasukuma kigari cha mtoto. Tulipiga picha chini ya kile kibao. Tuliporudi nikamwonyesha bibi kwenye simu. Akaisogeza karibu na macho, akasoma herufi moja moja, akasema, "Na Meli?" Nikamwambia bado, mama.

---

Mkaazi wa Berlin

Dada Mbuyuni amemaliza kila kitu, naongeza machache maana nipo huku mwaka wa saba.

Utasikia watu wakikwambia Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ni bure kwa wote. Ilikuwepo, iliisha mwishoni mwa 2024. Usipange safari kwa kuitegemea. Pergamon, lile jumba maarufu, limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, kwa hiyo mtu akikuuzia mtandaoni tiketi za kuingia jengo lenyewe ni tapeli.

Jumapili maduka yamefungwa. Ukifika Jumamosi usiku bila chakula, Jumapili utanunua mkate stesheni kwa bei ya kuku. Hii ndiyo inawaumiza wageni wetu wengi kutoka nyumbani.

Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, mdogo wako atakusifia, maana wanafunzi wanaipata kwa nafuu. Ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Lakini ni mkataba unaojirudia wenyewe mpaka uukatae kabla ya tarehe kumi. Kwa siku kumi za familia, ile ya saa 24 ya dada inatosha, na siku mnazotembea kwa miguu hamnunui.

Kadi ya benki: mashine ya ATM ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro kila mara. Ukichagua shilingi wanakupigia bei yao. Na muwe na senti 50 mfukoni kila mtu, vyoo vingi ni vya kulipia. Mtoto wa miaka minne hangoji uvunje noti.

---

Dereva wa Sakina

Sawa mama Mbuyuni, kwa watu watano nimekubali. Ila Longido hatutapishi watu siku hizi, lami ni nzuri.

---

Baba Junior wa Rau

Dada Mbuyuni, marahaba haikuhusu, shikamoo. Nimesoma yote kwa sauti, mke amesikiliza akiwa anasahihisha madaftari. Ulipofika kwenye herufi H akanyanyuka kimya akaenda kabatini. Pasi yake ina majina matatu, cheti cha Junior kina mawili. Kesho asubuhi naanza na hilo.

Kwa wakala sirudi tena. Nina swali moja tu, usinicheke. Mdogo wangu ana miaka mitatu hajala mtori. Mama ameshaniambia kwamba nikienda mikono mitupu nisirudi. Ndizi naruhusiwa kubeba au nazo ni kama nyama?

---

Mama Watatu Mbuyuni

Sicheki, na mimi mkwe alinibebesha. Matunda na mboga karibu zote wanataka cheti cha afya ya mimea, parachichi lako la Rau liache nyumbani. Lakini yapo machache yaliyosamehewa: nanasi, nazi, tende, durian, na ndizi. Ndizi imo! Nilipoisoma niliona kama kuna Mchaga alikaa kwenye kile kikao chao.

Bebeni mshare mbichi kabisa, zikatwe siku ileile ya safari, vichane vitenganishwe, kila kimoja kwenye gazeti, katikati ya nguo. Sisi tulibeba nusu mkungu. Pale forodha afisa alifungua begi, akafunua gazeti, akashika moja akaibonyeza. Akauliza mbona haijaiva. Mume wangu akamjibu, "Mtori," kama vile yule baba amekulia Kibosho. Akafunga zipu tukapita.

Nyama ya mfupa mnunue kule kwa Mturuki. Na magadi ya kiburu msibebe, hata mama akilia. Unga mweupe usio na lebo kwenye begi la mtu aliyetoka kubonyezewa ndizi, mtakaa pale mpaka jua lizame, na nimeshakwambia linazama saa ngapi.